Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: tathmini kwa mfanyakazi aliyeachishwa kazi kinyume cha sheria

Tathmini hii inahusu huduma ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2007, kama inavyomfikia mkazi wa Dar es Salaam asiye na wakili wala akiba. Nimeifahamu kwa kumsindikiza jirani yangu wa Mbagala, mtunza stoo wa duka moja la jumla Kariakoo, ambaye mali ilipopungua aliambiwa kwa mdomo asirudi kazini, bila kuhojiwa, bila barua, na bila kulipwa siku alizokwisha kuzifanyia kazi. Ninachopima hapa ni kama mtu aliyetendewa hivyo anapata nafuu ya kweli. Naamini anaipata, lakini thamani ya nafuu hiyo huamuliwa mwanzoni na mwishoni mwa shauri zaidi kuliko katikati yake, na huko ndiko wengi wanakopoteza haki zao.

Mwanzoni kuna muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ndani ya siku 30 tangu mfanyakazi alipoachishwa, na migogoro mingine, kama ile ya madai ya mshahara, ndani ya siku 60. Kwa maoni yangu siku 30 ni chache mno kwa mji wetu, ambako mtu aliyefukuzwa hutumia wiki za kwanza kumwomba radhi bosi kupitia kwa wazee, kusubiri simu aliyoahidiwa na kutafuta kibarua cha kulisha watoto. Waajiri wengine wanalijua hilo, nao humwambia mfanyakazi avumilie, mambo yatakaa sawa, mpaka mwezi unakatika. Anayechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, ila atatakiwa kutoa sababu za msingi za kuchelewa, na kuwa katika mazungumzo na bosi ni hoja dhaifu kuisimamia. Kwa hiyo fungua mgogoro kwanza, kisha endelea kuongea na mwajiri. Kufungua hakuzuii kupatana.

Kufungua kwenyewe hakulipiwi ada, na hili ni jambo la kusifiwa kwa sauti. Fomu inayotumika ni CMA F1 (CMA ni kifupisho cha jina la Tume kwa Kiingereza), ambayo mlalamikaji huijaza, huisaini, humpelekea mwajiri nakala na kutunza uthibitisho kwamba nakala imepokewa. Fomu hiyo inaonekana nyepesi, lakini ndiyo inayobeba kesi nzima, kwa kuwa usilolidai humo ni vigumu kulidai baadaye. Jirani yangu alijaziwa nakala ya kwanza na mtu wa kibanda cha kuchapa nyaraka, aliyeandika mshahara wa mwezi mmoja tu na kuacha malipo ya notisi, likizo, kiinua mgongo na fidia ya kuachishwa isivyo halali. Msaidizi wa kisheria wa mtaani kwetu ndiye aliyeisahihisha kabla haijapelekwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hawa na inataka huduma yao kwa asiye na uwezo iwe ya bure, basi hakuna sababu ya kumlipa mtu wa kibandani kwa kazi asiyoielewa.

Jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui, na ambalo kwangu ndilo uti wa mgongo wa huduma yote, ni kwamba katika shauri la kuachishwa kazi mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri. Mfanyakazi huonyesha kwamba aliajiriwa na kwamba ameachishwa. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka achunguze, amweleze mfanyakazi tuhuma zake na ampe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa kabla ya kikao cha kumsikiliza. Maneno mawili ya dukani asubuhi hayatoshi. Kukosa mkataba wa maandishi nako si mwisho wa safari, kwa sababu ni wajibu wa mwajiri kumwandikia mfanyakazi masharti ya ajira yake, na asipofanya hivyo ndiye atakayebanwa kuthibitisha masharti hayo yalikuwa yapi. Jirani yangu alipeleka kitambulisho cha kazi, taarifa ya michango yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na ujumbe wa simu wa mishahara iliyotumwa kila mwisho wa mwezi. Angalizo moja: aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo halali.

Mgogoro ukishafunguliwa huanza na usuluhishi, ambao hupewa siku 30. Mazungumzo yake ni ya siri na hufanyika kwa Kiswahili, na msuluhishi hamlazimishi mtu kukubali kiasi chochote. Mlalamikaji asipohudhuria, malalamiko yake yanaweza kufutwa. Mlalamikiwa asipohudhuria, yanaweza kuamuliwa bila yeye. Wasipoafikiana, shauri huenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake, ndani ya siku 30 baada ya kufunga usikilizwaji. Mwamuzi anaweza kuagiza mfanyakazi arudishwe kazini au alipwe fidia inayohesabiwa kwa mishahara ya miezi, mbali na stahiki zake nyingine. Kwa duka la watu sita, ambako utarudi kuonana kila siku na mtu aliyekuita mwizi, naona fidia ndiyo nafuu inayofaa.

Mwishoni ndiko ninakopunguza sifa. Tuzo bado si fedha. Mwajiri asiyeridhika ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na hata asipoomba, hakuna anayemletea mshindi malipo nyumbani. Lazima mshindi mwenyewe afungue maombi ya kukazia tuzo mahakamani, yaani ya kulazimisha ilipwe, na pengine aonyeshe mali ya kukamatwa na dalali wa mahakama. Fundi cherehani au mpishi wa mgahawa atajulia wapi akaunti ya mwajiri wake au jina lililoandikwa kwenye kadi ya gari? Sheria ilimwondolea ada na mzigo wa kuthibitisha, kisha ikamwachia peke yake hatua iliyo ngumu kuliko zote. Hapa pangehitaji ofisi ya umma inayofuatilia malipo kwa niaba ya mshindi mwenye kipato kidogo.

Ndiyo maana namshauri mfanyakazi mwenye madai ya kawaida aupe usuluhishi uzito wote. Makubaliano yaliyosainiwa mbele ya msuluhishi yanakazwa kama hukumu, na mwajiri aliyekubali kiasi kwa kinywa chake ana sababu ndogo ya kukimbia. Jirani yangu alipokea pungufu ya alichodai, kwa awamu tatu, na kila awamu iliandikwa tarehe, kiasi na namba ya simu ya kupokelea, pamoja na sharti kwamba awamu moja ikipita bila kulipwa, deni lote lililobaki linadaiwa kwa mkupuo. Sharti hilo aliliomba yeye mwenyewe, na msuluhishi akaliingiza kabla ya mtu yeyote kusaini.