Natafuta vitabu vya sinema nikiwa Iringa, mrejesho wangu

Niko Iringa naandika tasnifu ya masta, mada yangu historia ya sinema enzi za Tanganyika, yani wiki tatu hizi nimehangaika mpaka nikajuta kwa nini sikuchagua mada ya parachichi kama wenzangu.

Nianze na maktaba niliyoenda, jina nabaki nalo wasije wakaninyima kadi. Nimefika asubuhi na ile baridi ya Juni, nikaandika "film" kwenye kompyuta yao, ikanitolea vitabu vya kamera na kusafisha picha. Nikajua ndo basi. Dada wa maktaba akasogea, "Kamwene mdogo wangu, hapo utakesha, andika motion pictures." Aisee, vikatoka sita! Kumbe majina ya mada kwenye katalogi yalipangwa na Wamarekani zamani na vya kale zaidi vimeandikwa moving pictures, kwa hiyo usipoyajua hayo majina utasema maktaba haina kitu. Kwenye shelfu nenda 791.43, ni jirani na sarakasi kwenye 791.3, sijui nani aliwaza hivyo ila ndo Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba. Kati ya sita nimeviona vinne, na kimoja kurasa za katikati mtu kazichana. Vitabu nyota mbili, dada nyota tano.

Mtandaoni kilichonibeba ni tovuti ya Colonial Film ya Uingereza. Bure kabisa, ina maelezo ya filamu zaidi ya 6,000 za makoloni, za kutazama hapohapo ni zaidi ya 150 tu kwa hiyo usiende na matumaini ya kuangalia kila kitu. Usitafute Tanzania, andika Tanganyika. Hapo nimeukuta mradi wa BEKE (Bantu Educational Kinema Experiment, jaribio la kuelimisha Waafrika kwa sinema) wa 1935 mpaka 1937, makao yao Vugiri kule Usambara, wanatengeneza filamu za kilimo na afya halafu wanazungusha na lori hadi Nyasaland (Malawi ya leo), sauti inatoka kwenye santuri inayopigwa pembeni kwa lugha ya watu wa pale. Hebu fikiria hiyo santuri ikiruka! Filamu zao zilikuwa thelathini na kitu, zilizobaki ni tatu, mojawapo ya safura na nyingine ya mashamba ya Kingolwira pale Morogoro. Maelezo ya hizo yana historia na uchambuzi, siyo mistari miwili, nimenukuu mpaka msimamizi kaniuliza huyu Vugiri ni nani.

JSTOR, ile tovuti ya makala za kitaaluma, ukifungua akaunti ya bure unasoma makala 100 kwa mwezi ila unasomea palepale, hushushi, na kurasa zinakuja kama picha so bando linakwisha ukiwa kwenye utangulizi. Mimi nanakili kwenye kaunta buku kama mtoto wa darasa la tatu. Na hapo pia chezea maneno, kuna waandishi wa zamani wanaandika kinema kwa k.

Tovuti ya Lantern ina magazeti ya sinema ya zamani, bure pia, mazuri sana ila mengi ni ya Marekani, kwa mada yangu nimeokota kidogo tu.

Kesho narudi kwa yule dada, kaniambia kuna boksi la majarida stoo halijawahi kuingizwa kwenye kompyuta, nije na barakoa kwa ajili ya vumbi.