Vyambo Bandia vya Besi katika Maji Chumvi ya Tudor

Sanduku hili nililinunua mwezi wa Januari katika duka moja la vifaa vya uvuvi katikati ya mji wa Mombasa, kwa shilingi 3,200. Ndani yake mna vyambo bandia 10, yaani samaki wadogo sita wa plastiki ngumu, vijiko viwili vya chuma na vyura viwili vya mpira, pamoja na pakiti ya minyoo laini 20 ya plastiki. Kwenye kifuniko pamechorwa samaki aina ya besi akiruka juu ya majani ya yungiyungi, na muuzaji alinihakikishia kwamba kinachomdanganya samaki wa ziwani kitamdanganya na wa baharini. Kwa muda wa wiki sita nimelijaribu dai hilo katika mkono wa bahari wa Tudor, ndani ya hori la ami yangu, na kila tulipotoka tulichukua pia ndoo ya kamba hai ili tupate kulinganisha.

Besi si samaki wa pwani. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, katika maji yasiyo na chumvi, na hapa Kenya anajulikana zaidi katika Ziwa Naivasha, alikopandikizwa katika miaka ya 1920. Ni mviziaji: hujibanza kwenye kivuli cha gogo au magugu, akatulia kimya, kisha hufumka ghafla na kufungua kinywa kipana kiasi cha kumvuta windo pamoja na maji yaliyomzunguka. Yeyote aliyewahi kumvua chewa kwenye mizizi ya mikoko ataitambua tabia hiyo mara moja, na ndiyo sababu sikuliona wazo la muuzaji kuwa la kipuuzi. Chewa na besi hawana undugu wa karibu, lakini wanawinda kwa mtindo mmoja.

Ubishi wa chambo hai na chambo bandia ni wa zamani miongoni mwa wavuvi wa besi, wala rekodi ya dunia haikuumaliza. Tarehe 2 Juni 1932, George Perry alimvua huko Georgia, Marekani, besi wa ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na ushei, kwa chambo bandia. Ilipita miaka 77 kabla ya Manabu Kurita kumvua mwenziwe katika Ziwa Biwa, Japani, tarehe 2 Julai 2009, naye alitumia samaki mdogo aliye hai. Samaki wa Kurita alikuwa mzito kidogo zaidi, ila kanuni za International Game Fish Association, shirika linalotunza rekodi za uvuvi duniani, zinataka rekodi ya uzito huo ipitwe kwa wakia mbili au zaidi ndipo ihesabiwe kuwa imevunjwa, na kwa hiyo wawili hao wanagawana nafasi ya kwanza, mmoja kwa chambo cha uongo na mwingine kwa chambo cha kweli.

Nianze na wale samaki sita wa plastiki, kwa sababu ndio wanaobeba thamani ya sanduku zima. Mfano wao unatokana na kazi ya Mfini Lauri Rapala, ambaye mwaka 1936 alichonga chambo chake cha kwanza baada ya kuona kwamba samaki mkubwa humwacha dagaa mzima apite na kumfuata yule anayeyumba kwa udhaifu. Chambo cha namna hii kina ulimi mdogo wa plastiki chini ya kidevu. Mvuvi anapovuta mshipi, maji hugonga ulimi huo, chambo kikazama kidogo na kuanza kutikisika kushoto na kulia, na mtikisiko huo husikika ndani ya maji kupitia mstari wa hisia ulio ubavuni mwa samaki hata pale ambapo macho hayaoni mbali. Katika maji ya Tudor jambo hili lina uzito mkubwa, kwa kuwa maji yanapokupwa hubeba tope la mikokoni na uoni hupungua sana.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda na bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yakiwa yameanza kutoka. Hapa kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita tatu, na maji yote hayo yanapotoka mikokoni hupitia kwenye vijia vyembamba ambavyo humlazimisha kila kamba na kila chaa mdogo atoke mafichoni. Ami alilifunga hori kwenye mlilana mmoja karibu na mlango wa kijia, akaniambia nirushe chambo ndani ya kijia chenyewe na nikivute kwa kufuata mkondo, wala si kushindana nao, kwani samaki dhaifu hana nguvu ya kupanda mkondo. Nilirusha mara tatu bila kuguswa. Mara ya nne niliacha kuvuta kwa muda wa pumzi mbili hivi, chambo kikapanda juu polepole kwa kuwa ni cha kuelea, na pale kilipotaka kuvunja uso wa maji kolekole alikipiga kwa kishindo kilichowatoa yangeyange mtini.

Kolekole huyo sikumpata. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkondo mkubwa, fimbo ikapinda, kisha mshipi ukalegea ghafla. Nilipokiinua chambo niliona ndoana ya nyuma, ile ya makucha matatu, imenyooka kucha mbili kama pini ya nguo iliyofunguliwa. Nilikisuuza kwa maji ya kunywa kabla ya kukirudisha sandukuni, na hata hivyo asubuhi iliyofuata ndoana zote zilikuwa na unga wa kutu mwekundu, na vipete vinavyoshikilia ndoana vilikuwa vimeanza kutoa weusi uliochafua rangi ya tumbo la chambo.

Hii ndiyo kasoro kubwa ya bidhaa hii, nami naisema wazi kwa sababu kifuniko hakikuonya na muuzaji hakutaja. Ndoana nyembamba inafaa kwa besi, ambaye mdomo wake si mgumu sana, na kwa maji ya ziwa yasiyo na chumvi. Kwa kolekole haifai hata siku moja. Niliziondoa zote na kununua ndoana nene za kuhimili chumvi pamoja na vipete vyake, gharama iliyoniongezea shilingi 900. Tena kazi haikuishia hapo, maana ndoana nzito hubadilisha mizani ya chambo: samaki wawili kati ya sita walipoteza uwezo wa kuelea na mmoja akaanza kuogelea kiubavuubavu. Nilikaa na karai la maji uani nikijaribu ukubwa mmoja baada ya mwingine, hadi nilipogundua kwamba ndoana nene kwa nyuma na nyingine ndogo kidogo kwa mbele huurudisha ule mtikisiko wa asili. Baada ya marekebisho hayo, vyambo vinne vimefanya kazi vizuri sana, na kolekole wawili wa kutosha chakula cha nyumba wamepatikana kwenye kijia kile kile.

Kuhusu rangi, nilibeba zote sita nikidhani kwamba maji ya tope yanataka rangi kali na maji safi yanataka fedha. Ami hakukubaliana nami. “Samaki hali rangi, mwanangu,” alisema huku akipiga kafi, “yuwala mwendo.” Kwa niliyoyaona, alikaribia ukweli. Chambo cha manjano kilipata samaki zaidi wakati wa tope, lakini kile cha fedha kilipovutwa kwa kusitasita kilikishinda cha manjano kilichovutwa kwa mwendo mmoja.

Sasa nije kwenye kamba hai, ambao ndio kipimo cha haki kwa chambo chochote bandia. Kamba wetu tuliwapata kwa kimia alfajiri, na siku ambazo kimia kilitoka kitupu tulinunua kwa wavuvi wenzetu kwa shilingi 250, kiasi cha kutosha asubuhi moja. Kumtunza ni kazi yenyewe. Ndoo ikikaa juani kamba hulala ubavu kabla ya saa moja kupita, kwa hiyo tuliifunika kwa gunia bichi na kubadilisha maji nusu ndoo kila mara. Ndoana hupitishwa chini ya ile pembe yenye meno iliyo kichwani, mbele ya doa jeusi linaloonekana ndani ya gamba, kwani ukilitoboa doa hilo kamba hufa papo hapo. Akifungwa vizuri hubaki akirusha miguu, na kila anapohisi hatari hujirusha nyuma kwa mkia, mruko mmoja mkali ambao hakuna plastiki iliyowahi kuuiga sawasawa mbele ya macho yangu.

Kwa chewa, kamba hai hana mpinzani. Chewa wa mikokoni hatoki mbali na shimo lake, na chambo bandia kinapopita mbele yake hupata sekunde moja tu ya kuamua. Kamba aliyeshushwa kwa chubwi ndogo hukaa pale pale mlangoni akihangaika mpaka uvumilivu wa chewa uishe. Siku ya maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, tulivua chewa wanne na changu saba kwa kamba, huku vyambo vyote vya sanduku vikiambulia mzia mmoja mdogo. Lakini siku za bamvua mambo yaligeuka: kamba alipelekwa na maji, bunju na samaki wadogo wakamdonoa akafika chini akiwa kichwa kitupu, na chambo cha plastiki kikaendelea kurushwa bila kuhitaji kubadilishwa. Atakayeuliza kipi bora bila kutaja hali ya maji hawezi kupata jibu la kweli kutoka kwangu.

Lipo jambo jingine linalonigusa. Samaki hukimeza chambo hai kwa utulivu, na mara nyingi ndoana hushuka hadi kooni, hali ambayo kwa samaki mdogo unayetaka kumrudisha majini ni kama hukumu ya kifo. Tulipohamia ndoana za duara, ambazo ncha yake imeelekea ndani na hunasa kwenye pembe ya mdomo samaki anapogeuka, chewa wadogo walirudi majini wakiwa na nguvu. Sharti lake ni kwamba usivute kwa kishindo; unakaza mshipi taratibu na kuiacha ndoana ijigeuze yenyewe. Chambo bandia nacho hunasa mdomoni kwa kawaida, ila makucha yake sita, matatu mbele na matatu nyuma, hujeruhi jicho na matamvua, na kumtoa samaki bila koleo ni hatari hata kwa vidole vya mvuvi.

Minyoo laini ni uvumbuzi unaoheshimika sana kwa wavuvi wa besi tangu Nick Creme alipoitengeneza kule Akron, Ohio, mwaka 1949. Huku kwetu ilinisikitisha. Chewa wadogo waliipenda ilipoburutwa polepole chini, lakini bunju huikata mkia kwa mkato mmoja safi kama wa mkasi, na pakiti nzima iliisha katika safari tatu. Vipande vilivyokatika vinabaki ndani ya bahari yetu, na kwa sababu hiyo peke yake sitainunua tena.

Vyura havikuguswa na samaki yeyote. Vijiko vya chuma ni vizuri kuliko nilivyotazamia, hasa kwa mzia anayependa kitu kinachometa na kukimbia, mradi ufunge kipande cha waya mbele ya chambo, kwani meno ya mzia hayaulizi unene wa nailoni. Kijiko cha kwanza nilikipoteza kwa kupuuza waya. Cha pili kimechakaa rangi, kimekwaruzwa pande zote, na bado ndicho ninachokifunga kwanza upepo wa kaskazi unapotupa nafasi ya kutoka hadi karibu na daraja la Nyali.

Kwa jumla ya shilingi 4,100, nikihesabu ndoana nilizobadilisha, nimebaki na vyambo vinne vya kuaminika na kijiko kimoja. Kwa fedha hizo mtu angeweza kununua kamba hai wa asubuhi 16, na kwa mvuvi anayetegemea kitoweo cha siku ningemshauri abaki na kamba wake. Kwa anayevua mwisho wa wiki na hana kimia wala mtu wa kumtafutia kamba alfajiri, sanduku linafaa, ila ni afadhali anunue chambo kimoja kimoja badala ya kulipia vyura na minyoo. Muuzaji nilimrudia nikamwonyesha ile ndoana iliyonyooka. Aliitazama kwa muda, akaigeuza mkononi, akaniahidi kwamba ataweka ndoana za maji chumvi kwenye rafu hiyo hiyo karibu na masanduku. Nilipopita wiki iliyopita zilikuwa zimewekwa, ukubwa wa aina mbili, ingawa ule mdogo unaofaa kwa mbele ulikuwa umekwisha.