Matembezi msitu wa Kakamega: ombeni muonyeshwe viwavi

Jumamosi nimetoka Kisumu na binti yangu wa gredi ya tano, tukafika Isecheno, kituo cha kuingilia msituni, tukachukua mwongozaji mmoja pale, na ukweli ni kwamba mimi nilifuata mbega na ndege tu. Mbega tuliwaona, sawa. Lakini kilichonishika ni viwavi, tulisimama kwa miti miwili mitatu karibu lisaa lizima na sikuchoka.

Mwongozaji ana lenzi ndogo mfukoni. Akampa binti yangu aangalie kiwavi mmoja amejaa vitu vyeupe mgongoni kama punje za mchele, mimi nikasema hayo ni mayai yake. Kumbe wapi! Nyigu mdogo sana alimdunga akataga ndani yake, mabuu yakamla akiwa bado hai, halafu yakatoboa yakatoka na kujifumia vifuko hapo hapo juu ya ngozi. Kuna nzi nao hubandika mayai kwa ngozi ya kiwavi, akibahatika kujivua ngozi kabla yai halijaanguliwa na buu kuingia ndani basi amepona. Kiwavi mwingine alikuwa ananing'inia kichwa chini, amelainika maji maji, huyo aliuawa na virusi. Na hapo bado siafu, buibui na ndege. Binti yangu akauliza sasa nani hubaki awe nondo, na ni swali zuri kabisa.

Basi tukapelekwa kwa mti wa Bridelia, anakula hapo kiwavi wa Anaphe, nondo wa hariri ya mwituni. Hawa huishi kundi, manyoya yao yanawasha, na wakikomaa wanafuma kiota kimoja kikubwa, kila mmoja na kifuko chake ndani. Hata hivyo wengi huliwa. Watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walijaribu humu humu kufunika matawi na chandarua, na waliofunikwa wakaokoka wengi kuliko walioachwa wazi. Kitu rahisi hivyo!

Kasoro ni moja, onyo la manyoya lilikuja wakati mtoto ameshagusa, mkono ulimwasha mpaka jioni. Vaeni mikono mirefu na mwambie watoto mapema.

Mimi sukuma wiki yangu nilikuwa napulizia dawa nikiona kiwavi tu. Jana nimegeuza majani kwanza, nikapata wawili wako na ule mchele mgongoni, nikawaacha hapo.