Miezi tisa na mashine ya kupimia sukari, Pemba

Nina kisukari aina ya kwanza tangu niko skuli, kwa hiyo kujitoboa kidole si jambo geni kwangu. Lakini nilipobeba mimba ya huyu mwanangu, daktari wa kliniki alinambia kupima asubuhi peke yake hakutoshi tena. Nipime nikiamka kabla sijatia kitu mdomoni, na kila baada ya mlo ikitimia saa moja. Ya asubuhi isifike 5.3, ya baada ya kula isifike 7.8, kwa mashine inayosoma kwa mmol/L.

Nilinunua mashine ndogo dukani Chake Chake, zile za kawaida za kijiti na tone la damu. Anayetaka kununua namwambia mapema: usiulize bei ya mashine, uliza bei ya vijiti. Mashine unainunua mara moja, lakini kwa kupima mara nne kwa siku kichupa cha vijiti 50 kinakwisha siku kumi na mbili. Na uhakikishe vinapatikana hapa hapa. Mie mara mbili vilinikatikia, ikabidi nimuagize mtu Unguja nisubiri boti. Siku zile nilikuwa nakisia tu, na sitaki mjamzito mwingine akisie, maana sukari hupanda na wewe hujisikii kitu.

Miezi mitatu ya mwanzo sukari yangu ilikuwa inashuka, tena usiku. Nikaamka saa tisa nimelowa jasho, mikono inatetemeka, nikapima kwa mwanga wa simu kwa sababu mashine haina taa: 3.1. Vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, nikangoja robo saa, nikapima tena: 4.6. Ndipo nikarudi kulala. Tangu siku hiyo bilauri ya sukari haikuondoka kando ya kitanda.

Msimu wa embe ulinipa funzo jingine. Nilimenyea watoto maembe, nikafuta mikono kwenye kanga, nikapima. 14.2! Kalamu ya insulini, ile sindano ya kushushia sukari, nishaishika mkononi, mama mkwe akanambia, "Mwanangu, hebu nawa kwanza." Nikanawa kwa sabuni, nikajikausha, nikatoboa kidole kingine: 6.1. Kumbe ile ilikuwa sukari ya embe iliyoganda kwenye ngozi. Ningejidunga kwa namba ile, mimi na mtoto tumboni tungekuwa hatarini.

Kuanzia mwezi wa tano mambo yakageuka. Kondo la nyuma linatoa homoni zinazoizuia insulini isifanye kazi yake vizuri, na kila mimba ikikua ndivyo dozi inavyopanda. Yangu ilifika karibu mara mbili, daktari akiipandisha kidogo kidogo kwa kuangalia daftari langu. Hapo ndipo nilipoipenda mashine hii kweli. Boflo na chai ya maziwa: 9.8. Kipande cha muhogo, samaki wa kuchoma na mchicha mwingi: 7.2. Niliwahi kupewa karatasi ya vyakula nilivyokatazwa, haikunisaidia nusu ya daftari lile.

Vijiti havitaki unyevu, na masika ya Pemba mnayajua. Toa kimoja, funga kichupa hapo hapo. Na toboa ubavuni mwa kidole, si kwenye ncha, maumivu yanapungua sana.

Mwanangu alipozaliwa, muuguzi alimchukua akamtoboa kisigino. Watoto wa akina mama wenye kisukari hupimwa hivyo, kwa kuwa sukari yao inaweza kushuka wakishatoka tumboni. Tone likaingia kwenye kijiti, mashine ikalia mlio ule ule wa yangu, nami kitandani nahesabu moja mpaka tano. 3.4. "Yuko vizuri," akasema, "mnyonyeshe."