Dada wawili, vichimbakazi, na kovu lililosahauliwa

Nimeisoma hadithi hii mara tatu, na mara zote tatu nimeimaliza nikiwa na hasira. Sikutarajia hadithi fupi iliyoandikiwa vijana initie uchungu kiasi hiki, lakini mtu aliyekua akiamini kwamba mdogo wake amempokonya mapenzi ya mama hawezi kuisoma kwa utulivu.

Kinachonikera ni jambo moja. Dada mkubwa, baada ya majuma kadhaa ya kumwona mdogo wake amebadilika, anaanza kushuku kwamba vichimbakazi, wale viumbe wa kichawi wa ngano, wamemchukua mtoto wa kweli na kuwaachia kiumbe wao mwenye sura ileile. Usiku mmoja anamchana nywele kwa nia ya kumpeleleza, anazitenga taratibu kwa kitana mpaka nyuma ya sikio la kushoto, na pale analikuta kovu dogo la ufunguo aliomrushia yeye mwenyewe zamani kwa wivu. Kitana kinamponyoka, na mdogo wake anauliza bila kugeuka: “Umemaliza?” Hapo nililazimika kuacha kusoma kwa muda, kwa kuwa ni dhahiri kwamba dada aliomba asilione kovu lile.

Kurasa chache baadaye kichimbakazi anajitokeza mtoni na kutamka: “Unayetaka aondoke si ndugu yako tena.” (Wahenga waliotuambia ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime hawakumjua mchochezi huyu.) Basi dada anamfukuza mdogo wake nyumbani, na hadithi inakwisha. Kovu halitajwi tena! Wala mwandishi hakumbuki kwamba mdogo huyohuyo, mwanzoni kabisa, alikata uzi kwa mkasi wa chuma, ilhali katika ngano za Uskoti na Ayalandi vichimbakazi hawastahimili chuma, ndiyo maana wazazi wa huko waliweka mkasi kwenye kitanda cha mtoto mchanga ili asiibwe. Ukiazima imani za watu, azima na miiko yake.

Na imani yenyewe haikuwa mchezo. Mwaka 1895, huko Tipperary nchini Ayalandi, Michael Cleary alimchoma moto mkewe Bridget akishikilia kwamba yule hakuwa mkewe bali kiumbe kilichowekwa mahali pake, na mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 20. Mwandishi anayemruhusu dada mwenye wivu kusema “huyu si wetu”, kisha akamthibitishia kwamba hakukosea, amemsafisha kwa wepesi unaochukiza.

Nilikusudia kuishia hapo, kwa nyota moja. Hata hivyo, niliporudi kuyatafuta maneno ya kichimbakazi ili niyanukuu kwa usahihi, nilisita. Hasemi popote kwamba mtoto amebadilishwa. Anasema si ndugu yako “tena”, na kwa desturi ya hadithi za aina hii viumbe hawa hawasemi uongo, bali huupinda ukweli mpaka msikilizaji ajidanganye mwenyewe. Inawezekana kabisa kwamba undugu ulikatika siku dada alipotamani kutoliona kovu, kwamba alimfukuza ndugu yake wa damu huku akijua, na kwamba mimi, niliye kifungua mimba kwetu, nilisikia kilekile alichotaka kukisikia yeye.

Ikiwa ndivyo, hii ni hadithi kali kuliko nilivyoistahilisha, na sijui nimlaumu mwandishi au nijilaumu. Lakini bado ninamlaumu! Kijana atakayeisoma mara moja ataondoka akiamini kwamba dada alikuwa sahihi, na mstari mmoja tu, wa msichana yule akiwa njiani na mkono wake nyuma ya sikio, ungetosha kulizuia jambo hilo. Ninatoa nyota nne kwa kusitasita, na huenda kesho nikazipunguza.