Kuchambua Wahusika au Kuchambua Jamii: Tuanzie Wapi?

Mwanafunzi anayesoma The Hunger Games, riwaya ya Suzanne Collins ya mwaka 2008, anaweza kuanza na Katniss, binti wa miaka 16 anayejitolea kuingia katika mapambano ya kufa na kupona badala ya mdogo wake, au akaanza na Panem, dola inayozikandamiza wilaya zake 12. Njia ya kwanza humgusa msomaji upesi. Hata hivyo, mimi naipendelea ya pili, kwani jina la Katniss limo mara 20 kwenye kura ya kuchagua watakaoingia katika mapambano hayo, na la rafiki yake Gale mara 42, kwa sababu vijana maskini huongezewa majina kila wanapochukua mgao wa nafaka na mafuta. Hapo ndipo hasira ya Gale dhidi ya dola hiyo inapoeleweka barabara.