Hosti na hifadhidata ya blogu ya kwanza: ipi ulipie, ipi uisubirishe, ipi uikimbie

Kama blogu yako ni ya kwanza na unataka kutumia WordPress (programu ya kuendeshea blogu), lipia hosti, yaani nafasi ya kuweka blogu mtandaoni, ya seva ya pamoja yenye cPanel (paneli ya kuendeshea hosti kwa kubofya), tena kwa mwaka mmoja tu, na domeni, yaani anwani ya blogu, isajili kwa kampuni nyingine. Sababu zake zinaanzia kwenye hifadhidata, ambayo matangazo ya hosti huwa hayaigusi.

Blogu ya WordPress ina sehemu mbili. Kuna mafaili: WordPress yenyewe, mandhari (mwonekano wa blogu), plagini (programu ndogo za nyongeza) na picha. Halafu kuna hifadhidata ya MySQL au MariaDB, ambayo ikiwa mpya kabisa huwa na majedwali 12. Makala zako zinakaa kwenye wp_posts, maoni ya wasomaji kwenye wp_comments, mipangilio kwenye wp_options. Mandhari ikiharibika utaipakua upya. wp_posts ikipotea bila bakapu, blogu imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza gigabaiti, muulize muuzaji kama unaweza kuichukua hifadhidata yako nzima mwenyewe, saa yoyote, bila kumwandikia mtu ombi.

Gigabaiti zenyewe hazina tabu. Makala ya maneno 1,000 ni kama kilobaiti 7 za maandishi, hivyo makala 200 hazifiki megabaiti 2, ukiacha matoleo ya zamani yanayohifadhiwa kila unapohariri. Kinachojaza seva ni picha. Ukipakia picha moja kubwa ya simu, WordPress huitengenezea nakala za vipimo mbalimbali, kuanzia pikseli 150 hadi 2,560, na picha hiyo moja inaweza kuzaa mafaili saba au nane. Hapo ndipo ahadi ya "bila kikomo" inapokwamia: nafasi haina kikomo, lakini idadi ya mafaili inacho, na kimeandikwa kwa herufi ndogo kwenye masharti kwa jina la inodi. Kabla ya kupakia, punguza picha ifikie upana wa pikseli 1,600, iwe WebP (aina nyepesi ya faili la picha), na isizidi kilobaiti 200.

Ya kwanza: seva ya pamoja yenye cPanel

Hapa blogu yako inaishi kwenye seva moja na tovuti nyingine nyingi, na wenye kampuni ndio wanaoitunza seva hiyo. Kwa blogu changa inatosha kabisa. Hakikisha ina PHP (lugha inayoiendesha WordPress) 8.3 au zaidi, MySQL 8.0 au MariaDB 10.6 kwenda juu, kumbukumbu ya PHP ya megabaiti 256, cheti cha SSL cha bure (kinachoifanya anwani ianze na https) kinachojihuisha chenyewe, phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia hifadhidata), na bakapu ya kila siku ambayo unaweza kuirejesha mwenyewe. Hilo la mwisho lisipokuwepo, tafuta kampuni nyingine hata kama hii ni rahisi.

Bei isome mara mbili: ya mwaka wa kwanza na ya kuhuisha. Kampuni nyingi za nje hutangaza dola 2 au 3 kwa mwezi, lakini bei hiyo unaipata ukilipa miaka mitatu au minne kwa mkupuo, na ukihuisha inaweza kuruka mara tatu. Kampuni za Tanzania na Kenya huonekana ghali kidogo mwanzoni, ila nyingi zinapokea M-Pesa au Airtel Money, zinatoa ankara kwa shilingi, na simu inapokelewa na mtu. Kwa anayeanza, sisi tungechagua ya nyumbani.

Ila usidhani kwamba kampuni yenye anwani ya .co.tz au .co.ke lazima seva zake ziko Dar es Salaam au Nairobi. Nyingine huuza tena nafasi kwenye seva za Ulaya au Marekani. Si dhambi, lakini uliza. Data ikitoka Nairobi kwenda Ulaya na kurudi, kila mzunguko hupita milisekunde 100, na ukurasa mmoja unahitaji mizunguko kadhaa. Mpango wa bure wa Cloudflare, kampuni yenye seva sehemu nyingi duniani, hupunguza makali kwa kuweka nakala za picha karibu na msomaji.

Ya pili: Blogger

Hii haina hifadhidata ya kushughulikia wala hosti ya kulipia. Google wanabeba yote. Unaweza kuunganisha domeni yako mwenyewe, na makala zako unaweza kuzitoa na kuzihamishia WordPress baadaye. Mapungufu yake ni mandhari finyu na kutokuwa na plagini. Kama huna uhakika kwamba mwezi wa tatu bado utakuwa unaandika, anzia hapa, na fedha yako nunulia domeni peke yake.

Ya tatu: WordPress inayotunzwa

Kampuni inashughulikia masasisho, kasi na bakapu. Ni nzuri, lakini bei mara nyingi huwa dola 20 hadi 35 kwa mwezi, na baadhi huhesabu wanaotembelea blogu na kuwawekea kikomo. Subiri blogu ianze kuingiza kitu.

Ya nne: VPS (seva pepe unayoitunza mwenyewe)

Dola 4 hadi 6 kwa mwezi inaonekana sawa na seva ya pamoja, na ndiyo maana wengi hunasa. Unachopewa ni mashine tupu yenye RAM ya megabaiti 512 au gigabaiti 1. PHP na MySQL vikigombania kumbukumbu hiyo, Linux huiua MySQL ili mashine isizime, na blogu inalala usiku wa manane. Dawa ni kuongeza swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya gigabaiti 1 na kupunguza michakato ya PHP. Lango la 3306, la kuingilia MySQL, lisiwe wazi kwa intaneti nzima, na masasisho ya usalama ni kazi yako kila wiki. Kama aya hii imekuchosha, VPS si yako kwa sasa.

Ya mwisho: hosti za bure zisizojulikana

Huzima akaunti bila taarifa, na nyingine hazitoi njia ya kuitoa hifadhidata. Ziruke.

Kuiunganisha hifadhidata na WordPress bila kukwama

Softaculous, iliyomo kwenye cPanel nyingi, hufanya kazi hii kwa kubofya, lakini ijue hatua yenyewe. Tengeneza hifadhidata, tengeneza mtumiaji wake, kisha muunganishe mtumiaji na hifadhidata kwa kumpa ruhusa zote. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Halafu jaza wp-config.php, faili linaloiambia WordPress hifadhidata iko wapi: DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD na DB_HOST, ambayo kwa kawaida ni localhost. cPanel hutanguliza jina la akaunti yako, kwa hiyo hifadhidata uliyoiita "blogu" inaweza kuwa "akaunti_blogu"; andika jina zima. Nenosiri likiwa na alama ya nukta ya juu moja (') litakata mstari wa PHP katikati. Ukiona ukurasa unaosema muunganisho wa hifadhidata umeshindikana, kagua hayo manne kabla ya kupiga simu. Usimbaji wa herufi kwenye hifadhidata uwe utf8mb4, kwani utf8 ya zamani ya MySQL haibebi emoji.

Kwenye faili hilohilo, juu ya mstari unaoita wp-settings.php, ongeza define('WP_POST_REVISIONS', 5); ukiwa na nukta-mkato mwishoni, ili kila makala isibebe matoleo hamsini ya zamani.

Bakapu iliyo kwenye seva ileile itakufa na seva. Kila wiki toa faili la .sql.gz kupitia phpMyAdmin, pakua folda ya wp-content, na vihifadhi kwenye kompyuta au Google Drive. Mara moja, kabla hujahitaji, jaribu kuirejesha kwenye hifadhidata tupu. Ukihamia domeni mpya, usibadilishe anwani ndani ya faili la SQL kwa kihariri cha maandishi: baadhi ya data huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake, na hesabu ikivurugika mipangilio hupotea. Tumia plagini ya kubadilisha anwani au WP-CLI (chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi).

Mwandishi wa Tanzania ana jambo moja zaidi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, hivyo kama utachapisha habari, waulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kuhusu leseni kabla ya kuzindua.

Domeni isajiliwe kwa jina lako, si la fundi, na kwa barua pepe isiyo ya domeni hiyohiyo. Hosti ikizimika, barua ya kubadilisha nenosiri itakwenda kwenye sanduku ambalo nalo limezimika.